Magunia ya ndengu na diski za sacco

Swali: Mimi ni fundi wa kompyuta Kikima, Mbooni. Nitawaelezaje viongozi wa sacco, kwa utani, programu inayounganisha diski za kampuni tofauti?

Jibu: Fundi, tafuta ndengu na magunia matatu yasiyolingana. Kila idara imkabidhi karani debe lake, kisha ilidai, bila kuona magunia. Magunia ndiyo diski, na karani ndiye programu: yeye pekee anajua kilichowekwa wapi, na huhamisha mzigo mtu asijue. IBM ilianza kuuza mfumo kama huo, SAN Volume Controller, mwaka 2003.

Sasa mfiche karani! Kicheko kitakatika, na wataelewa kwa nini mashine zinazoendesha programu hiyo huwekwa mbili mbili. Ila usiwauzie mfumo huo kama nakala ya akiba. Daftari la mikopo likifutwa, limefutika.