Mwenye msitu wake naye ana haki kwa halmashauri

Wiki chache zilizopita, baada ya darasa la alasiri katika msikiti mmoja wa huku Kwamkoro, tarafa ya Amani, wilayani Muheza, mzee mmoja alinisubiri mlangoni. Alingoja mpaka vijana wakatawanyika, ndipo akasema: "Mwalimu, mimi nina ekari mbili za miti aliyoiacha babu yangu. Sijazifyeka. Sasa watoto wananiambia, baba unakalia pori na sisi hatuna pa kulima. Na kuna mjumbe kaniambia ardhi isiyolimwa kijiji kinaichukua. Je, nina dhambi kuiacha hivyo?"

Siku ile nilimjibu kwa ufupi, na jibu lenyewe halikuniridhisha. Nikarudi vitabuni.

Chanzo cha swali lake kinajulikana. Mtume (SAW) alifundisha kwamba mwenye kuihuisha ardhi iliyokufa inakuwa yake, na Sayyidna Umar (RA) akaweka kwamba aliyezungushia mpaka ardhi kama hiyo kisha asiifanyie kitu kwa miaka mitatu hana haki tena ya kuwazuia wengine. Wengi wetu tumelichukua fundisho hili tukalifanya kuwa ni amri ya kufyeka. Lakini ndugu msomaji, wanachuoni walikuwa wanazungumzia ardhi mfu, isiyo na mwenyewe. Ardhi ya mzee huyu si mfu. Aliihuisha babu yake, ikarithiwa. Anaokota kuni humo, ana mizinga ya nyuki, na mbegu za msambu zinazotoa mafuta. Ni milki yake, na mwenye milki halazimiki kuing'oa miti yake ndipo aitwe mtumiaji. Dhambi haipo.

Upande wa serikali, yule mjumbe alisema nusu ya kweli. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu ardhi isiyotumika kwa miaka isiyopungua mitano kuhesabiwa kuwa imetelekezwa. Lakini Sheria ya Misitu ya 2002 nayo inautambua msitu wa mtu binafsi, hata ulio ndani ya ardhi ya kijiji. Kwa hiyo kuhifadhi miti ni matumizi kama kulima mihogo. Kinachotakiwa ni matumizi hayo yaandikwe: katika mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, na katika hati ya hakimiliki ya kimila ya mzee mwenyewe. Hilo si jambo la Dodoma. Linaanzia halmashauri ya kijiji, na wataalamu wa kulipima wako wilayani.

Sasa tuje kwenye uzito wenyewe, kwani kuna swali ambalo mzee hakuuliza: nani anafaidi ekari zake mbili?

Maji ya milima hii yanashuka kwa mto Sigi hadi bwawa la Mabayani, na humo ndimo mji wa Tanga unamochota. Mtu wa Chumbageni anapofungua bomba kutia udhu, anakunywa na kujitoharisha kwa miti ambayo mzee wa Kwamkoro ameacha kuikata. Faida iko Tanga, gharama iko kwa mzee na watoto wake wanaolala wakiwaza shamba.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa 1997, ina hekta 8,380, na ndani yake zaidi ya hekta 1,000 ni misitu ya makampuni ya chai. Ni jambo jema. Lakini kampuni yenye chai ya kuuza inaweza kuubeba msitu. Mwenye ekari mbili atabeba kwa bega gani? Na tukumbuke yaliyotokea Derema, ambako zaidi ya wakulima 1,000 walisimamishwa kulima na msitu ukatangazwa kuwa hifadhi mwaka 2010. Fidia ilipigwa kwa mazao, hasa iliki. Somo walilolipata majirani ni kwamba aliyepanda chini ya miti ana cha kuhesabiwa. Halmashauri nazo zinatoza ushuru wa mazao. Gunia la iliki lina ushuru, kivuli cha mvule hakina. Hata ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ni ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, na mzee wangu si mmoja katika hao.

Hapa ndipo napenda tumsome Umar vizuri. Alipomweka Hunayy, mtumwa aliyemwacha huru, kusimamia hima, yaani malisho yaliyohifadhiwa kwa ajili ya wanyama wa jihadi, hakumwambia afunge mlango na kurudisha watu. Alimwagiza awe mpole kwa Waislamu na aogope dua ya aliyedhulumiwa. Amruhusu mwenye ngamia wachache na kondoo wachache kuingia, na ajihadhari na makundi ya Abdur-Rahman bin Auf na Uthman bin Affan (RA), kwa sababu hao mifugo yao ikifa wana mashamba na mitende ya kurudia. Mnyonge ikimfia atakuja na watoto wake mlangoni kwa Amirul-Muuminina, na kumpa maji na majani ni rahisi kuliko kumpa dhahabu na fedha. Akakiri pia kwamba wenyeji wanaona wamedhulumiwa, kwani ile ni nchi yao waliyoipigania tangu Jahiliya.

Maneno hayo yako katika Bukhari. Kiongozi anahifadhi, na papo hapo anamhesabu mdogo anayeumia.

Kwetu njia zipo. Mamlaka ya maji Tanga imeshashirikiana na umoja wa wakulima wa Kihuhwi na Zigi, UWAMAKIZI, katika kulinda vyanzo. Mwaka 2024 mamlaka hiyo hiyo ilitafuta Sh. bilioni 53.12 kwa hatifungani ya kijani, kwa ajili ya miundombinu ya maji. Kama mji unaweza kukopa kiasi hicho kwa mabomba, sehemu ndogo ya ankara ikapandishwa mlimani kwa mwenye miti si ndoto. Isitegemewe biashara peke yake: wafugaji wa vipepeo wa Amani walikuwa wanapata kipato kutokana na msitu, na zuio la 2016 la kusafirisha wanyama hai nje likawakatia soko kwa siku moja. Halmashauri ya Muheza inaweza kuanza na kidogo, kupima na kutoa hati bure kwa kila atakayeandikisha msitu wake, na miche ya iliki au mikarafuu kwa shamba lake jingine.

Nimemwandikia mwenyekiti wa kijiji kuomba suala hili liingie katika ajenda ya mkutano mkuu ujao. Mzee amesema atakuja, na atakuja na wale watoto. Mkubwa wao, nasikia, ameshazungumza na mtu wa msumeno.