Somo la 6: Kundi Dogo Kando ya Maji

SABATO MCHANA

Kwa kujifunza juma hili, soma: Matendo 16:11–15, 40, Zaburi 68:5, 6, Nehemia 8:1–12, Yakobo 1:22–27, 1 Yohana 3:16–18, Yeremia 29:4–7.

Fungu la kukariri: Waebrania 10:24, 25. Lifungue katika Biblia yako na ulisome kwa sauti kila asubuhi ya juma hili.

Msafiri anayetoka Somanga kwenda Lindi hupita vijiji ambavyo adhana ndiyo huwaamsha watu alfajiri. Waadventista wapo huko pia, lakini ni wachache: hapa familia mbili, pale mwalimu aliyehamishiwa shule ya kata, kule muuguzi wa zahanati na mjane mmoja. Pengine hakuna jengo la kanisa. Mchungaji wa mtaa ana makundi mengi ya kuzungukia, hivyo Sabato nyingi hupita bila yeye kuonekana.

Mtu aliyebatizwa wakati wa makambi, akizungukwa na umati unaoimba, anarudi kijijini kama huko akiwa peke yake. Ni nini kitakachomshika? Maombi ya faragha ni ya lazima, lakini Maandiko hayamwachi hapo. Dai la somo hili ni moja: imani hudumu pale ambapo watu, hata wakiwa watatu, hulisoma Neno pamoja na kuchukuliana mzigo ambao Neno hilo huwatwika.

Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI

Mahali Pasipo na Sinagogi

Soma Matendo 16:11–15, 40. Paulo aliwakuta watu gani nje ya lango la Filipi, na walikuwa wakifanya nini?

Katika maono Paulo alimwona mwanamume wa Makedonia akimsihi avuke. Alipovuka, watu wa kwanza aliowahubiri ni wanawake walioketi kando ya mto. Kwa desturi ya Kiyahudi, wanaume kumi walihitajika ili ibada ya sinagogi ifanyike. Yaelekea Filipi haikuwa nao. Wanawake hao wangeweza kusema kwamba ibada isubiri mpaka wanaume wapatikane, au mpaka jengo lijengwe. Hawakusubiri. Siku ya Sabato ilipofika, walijua mahali pa kukutana, na wakaenda.

Lidia alikuwa mfanyabiashara mgeni kutoka Thiatira, muuzaji wa nguo za zambarau. Watu wa Kilwa na Lindi wanawajua wageni wa namna hiyo, kwa kuwa miji yao imejengwa na biashara ya bahari. Bwana alimfungua moyo, naye akafungua nyumba yake. Paulo na Sila walipotoka gerezani, walikwenda nyumbani mwa Lidia na kuwakuta ndugu huko. Kanisa la Filipi, ambalo baadaye lilipokea waraka wenye furaha kuliko nyaraka nyingine za Paulo, lilianzia kwa watu wachache kando ya maji, likahamia sebuleni.

Angalia mpangilio wa mambo. Walikuwa wakikutana kabla mhubiri hajafika, na walikuwa bado wakikutana alipokuwa gerezani. Mhubiri alikuta kundi; hakulibeba mgongoni.

Je, kama mchungaji wenu asingefika kwa miezi sita, ni nini kingeendelea katika kundi lenu, na ni nini kingekoma?

JUMATATU

Barabara ya Lindi

Soma Zaburi 68:5, 6 na 1 Petro 2:9, 10. Mungu huwafanyia nini watu walio wapweke na wasio na taifa?

Katika karne ya 19, Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kusafirishia watumwa waliotoka bara, hasa pande za Ziwa Nyasa. Mtumwa alipoteza zaidi ya uhuru wake. Alikatwa kutoka kwa ukoo wake, na mara nyingi hata jina alilopewa na wazazi liliishia njiani. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukomesha usafirishaji wao kwa bahari. Lakini mkataba haumpi mtu ndugu. Waliokombolewa walibaki Zanzibar wakiwa huru, bila mtu wa kumwita baba au mama.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya Vyuo Vikuu alilivusha kundi la watu hao, wanaume kwa wanawake, kutoka Zanzibar mpaka Lindi. Kutoka hapo wakatembea kwa miguu kuingia bara. Waliazimia kwenda mbele zaidi, kuelekea Ziwa Nyasa, lakini walipofika Masasi wakaamua kukaa. Wakajenga nyumba, wakalima, wakaanza kuabudu pamoja.

Hawakuwa Waadventista, ujumbe wa Waadventista ulifika Tanganyika mwaka 1903, kule Upareni. Hata hivyo safari yao inaeleza Zaburi ya 68 kuliko maneno mengi. Nchi iliyokuwa imewaona wenzao wakishushwa pwani kwa minyororo sasa iliwaona hawa wakipanda bara wakiwa jamii moja. Mungu alipowapa uhuru aliwapa na watu wa kukaa nao.

Petro anawaandikia waumini waliotawanyika kwamba zamani hawakuwa taifa, ila sasa ni taifa la Mungu. Basi mtu anayetaka kumfuata Kristo bila ndugu anakataa nusu ya kile alichokombolewa nacho.

Katika darasa lenu la Shule ya Sabato, yupo nani ambaye asipoonekana Sabato mbili hakuna anayemuulizia? Mtafute kabla ya Sabato ijayo.

JUMANNE

Kusoma Hata Kuelewa

Soma Nehemia 8:1–12 na Matendo 17:10, 11. Watu walifanya nini ili Neno lililosomwa lieleweke?

Ezra alisoma, Walawi wakafafanua, na watu wakaelewa. Kisha wakalia, na baada ya kulia wakala pamoja na kuwapelekea sehemu wale wasiokuwa na kitu. Kusoma, kuelewa na kugawana vimefuatana katika siku moja.

Wale waliofika Masasi mwaka 1876 hawakuwa na Biblia kamili ya Kiswahili. Hakuna aliyekuwa nayo. Zilikuwapo sehemu chache tu, ambazo Steere alizitafsiri na kuzichapa Zanzibar kwa msaada wa wenyeji waliomfundisha lugha. Alifariki mwaka 1882, na Biblia nzima ya Kiswahili ikakamilika kuchapwa mwaka 1891. Leo Biblia hiyo nzima inaingia ndani ya simu ya mkononi. Upungufu wa sasa ni wa muda na wa subira.

Lesoni ya Shule ya Sabato ilizaliwa katika mazingira ya namna hiyo. Mwaka 1852, James White alipokuwa safarini kwa gari la farasi huko Marekani, aliandika masomo ya kwanza kando ya njia wakati farasi akila. Waumini walikuwa wachache na wametawanyika mbali. Hawakuweza kupata mhubiri kila Sabato, lakini waliweza kupata somo moja na kulijifunza kila mahali.

Kwa sababu hiyo, darasa linalogeuzwa kuwa hubiri la pili limepoteza kusudi lake. Mwalimu mzuri huuliza na kunyamaza. Humwachia mama asiyesoma vizuri nafasi ya kusema alichosikia fungu liliposomwa, naye mara nyingi husikia ambacho msomaji amekiruka. Waberoya walisifiwa kwa sababu hata Paulo walimpima kwa Maandiko, tena kila siku. Lesoni inayosomwa haraka asubuhi ya Sabato, kiatu kimoja kikiwa mguuni, haiwezi kumfanya mtu Mberoya.

Ni swali gani la Biblia umelibeba muda mrefu bila kuthubutu kuliuliza darasani? Ni nini kimekuzuia?

JUMATANO

Neno Linapogusa Mgao

Soma Yakobo 1:22–25 na 1 Yohana 3:16–18. Yakobo anamfananisha na nani mtu anayesikia asitende? Yohana anasema upendo hupimwaje?

Chukua mfano wa mvuvi wa Kilwa Masoko aliyejifunza Biblia na kikundi kidogo, akaikubali Sabato. Siku za dagaa ni siku za giza, mwezi usipoonekana, na vyombo hutoka jioni na taa zake. Sasa giza limeangukia Ijumaa. Jua likizama, Sabato imeingia, na chombo kinaondoka. Asipokwenda, hana mgao. Akikosa mara nyingi, nafasi yake atapewa mwingine. Nyumbani kuna watoto, na ada ya shule haisubiri.

Ni rahisi kumwambia, “Mtegemee Bwana.” Neno hilo ni kweli, na Mathayo 6:33 haijabatilika. Lakini anayelitamka ni nani? Mara nyingi ni mtu ambaye ofisi yake hufungwa Jumamosi. Sabato haimgharimu kitu, naye anamfundisha aliyetakiwa kulipa mauzo ya usiku mzima. Yohana anauliza: mwenye riziki akimwona ndugu yake ana haja akamfungia moyo, upendo wa Mungu unakaaje ndani yake?

Kundi lililomfundisha mvuvi huyo amri ya nne lina deni kwake. Kuna mambo linaloweza kufanya. Mzee wa kanisa anaweza kumsindikiza kwa nahodha mapema, kabla giza halijaanza, wakazungumza kwa heshima ili abadilishane zamu na mwenzake. Nahodha Mwislamu anayejua uzito wa swala ya Ijumaa huenda akaelewa kuliko wanavyodhani. Waumini wanaweza kuweka mfuko mdogo wa kundi, kila mmoja kwa uwezo wake, ili juma lisilo na mgao lisiwe juma la njaa. Mkulima wa korosho anaweza kusaidiwa na ndugu kufikisha mzigo wake ghalani siku ya Alhamisi, ili asilazimike kukaa kwenye foleni ya mizani siku ya Sabato.

Haya hayaondoi imani. Mvuvi bado ataamua mwenyewe, jua likiwa linazama, na huenda akapoteza nafasi chomboni licha ya juhudi zote. Tofauti ni kwamba hatapoteza peke yake.

Je, kuna amri ya Mungu ambayo ni nyepesi kwako na nzito kwa ndugu yako? Utamsaidiaje kuibeba?

ALHAMISI

Utakieni Mji Amani

Soma Yeremia 29:4–7 na Yakobo 1:26, 27. Mungu aliwaagiza mateka wa Babeli waishi vipi na watu ambao si wa imani yao?

Kundi dogo lina kishawishi cha kujifungia. Likizoea kujiona wachache, huanza kumwona kila jirani kama kikwazo au kama hesabu ya ubatizo. Mungu aliwaambia mateka wajenge, wapande, na kuutakia mji amani, kwa maana amani yao imo ndani ya amani ya mji.

Pwani ya Lindi, Mwadventista na jirani yake Mwislamu wanafanana katika mengi: wote wawili hawanywi pombe, hawali nguruwe, na wanaamini siku ya hukumu ipo. Hapo pana mlango wa mazungumzo ya kweli, usiohitaji kejeli wala mabishano. Nao mlango huo hufunguliwa zaidi msibani na kwenye shida kuliko jukwaani.

Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya kusini katika wilaya ya Kilwa. Madaraja yalibomoka, na magari ya abiria yakakwama. Katika saa kama hiyo, msafiri mwenye mtoto mgongoni haulizi dini ya mtu anayempa maji ya kunywa na mahali pa kulala. Ila atakumbuka ni nani aliyempa. Dorkasi wa Yafa hakuacha hubiri lolote. Aliacha nguo mikononi mwa wajane waliokuwa wakilia.

Jirani yako wa karibu asiye wa imani yako akiulizwa leo, “Hawa Wasabato ni watu gani?” atajibu nini kutokana na alichokiona?

IJUMAA

Kujifunza Zaidi

Wale wa Masasi hawakupata raha ya kudumu. Mwaka 1882 wapiganaji wa Kingoni walikivamia kijiji, wengine wakauawa na wengine wakatekwa. Watu waliokwisha kuonja utumwa mara moja waliona ukirudi mlangoni. Kazi iliyumba, lakini haikufa. Upareni nako, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wamisionari Waadventista wa Kijerumani waliondolewa, na waumini wenyeji wakaendelea kukutana na kufundishana. Waliobaki walikuwa na vitu viwili: Neno walilokwisha kulijifunza, na kila mmoja alikuwa na mwenzake.

Waraka kwa Waebrania uliandikwa kwa watu waliochoka, ambao baadhi yao walikuwa wameanza kuacha kukusanyika. Mwandishi hawakemei tu warudi kwenye mahudhurio. Anawapa sababu ya kukutana: waangaliane, wahimizane katika upendo na kazi nzuri, na wazidi kufanya hivyo kadiri wanavyoiona siku ya Bwana inakaribia. Daftari la mahudhurio huonyesha nani alikuja. Halionyeshi ni nani aliyetazamwa usoni na kuulizwa hali yake. Hilo ni kazi ya darasa.

Maswali ya Kujadili

1. Wanawake wa Filipi walikutana bila jengo na bila mhubiri. Ni visingizio gani vinavyowazuia watu wa eneo lenu kuanzisha tawi la Shule ya Sabato nyumbani kwa mmoja wao?

2. Jadilini mfano wa mvuvi. Je, msaada wa kundi unaweza kugeuka kuwa mazoea yanayodhoofisha imani ya mtu? Mpaka uko wapi kati ya kuchukuliana mizigo na kumbebea mtu kila kitu?

3. Mtu anasema, “Najifunza Biblia nyumbani kwa simu na kusikiliza mahubiri redioni, sihitaji kanisa.” Mtamjibu nini bila kumhukumu, mkitumia mafungu ya juma hili?

4. Taja jambo moja ambalo darasa lenu litamfanyia jirani asiye Mwadventista kabla ya robo hii kwisha. Nani atalisimamia, na siku gani?