TUJIFUNZE: Kompyuta Ndogo Bila Kioo kwa Ndugu Asiyeona

Katika ukurasa huu wa mafunzo tumezoea kuzungumza juu ya maji safi, vyandarua na chanjo. Leo tunazungumza na ndugu zetu wasioona. Wewe unayeona, tafadhali msomee jirani yako asiyeona. Soma polepole, naye afuate kwa vidole kama kibodi ipo.

KWA NINI SOMO HILI LIKO KATIKA JARIDA LA AFYA?

Ni kwa ajili ya siri ya mgonjwa. Tuseme mama asiyeona amepewa karatasi ya majibu ya vipimo. Hawezi kuisoma, basi anamwita mtoto wake au jirani. Siku hiyohiyo ugonjwa wake unajulikana na watu ambao hakuwachagua. Wengine wakiogopa hilo, huacha kwenda kupima kabisa.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unagusa jambo hili. Ibara ya 9 inazungumzia kufikia habari na mawasiliano, pamoja na kompyuta. Ibara ya 22 inataka habari za afya za mtu mwenye ulemavu zilindwe sawa na za watu wengine. Kompyuta inayosoma kwa sauti, na hedifoni masikioni, ni njia moja ya kuitimiza haki hiyo.

KOMPYUTA BILA KIOO SI MBOVU

Watu wengi wakiona kisanduku cha kompyuta hakina kioo (monita), husema hakifai. Si kweli. Kazi yote hufanyika ndani ya kisanduku. Kioo kazi yake ni kuonesha tu, na asiyeona hakihitaji. Mwaka 2005 kampuni ya Apple ilianza kuuza kompyuta ndogo iitwayo Mac mini bila kioo, bila kibodi na bila kipanya. Mwaka huohuo iliweka katika kompyuta zake programu ya kusoma kwa sauti, VoiceOver. Leo kampuni nyingi hutengeneza visanduku vya namna hiyo, vingine havizidi ukubwa wa kitabu kinene.

Kuna faida nyingine mbili. Ya kwanza, kioo hula umeme. Ukikiondoa, umeme wa sola hudumu zaidi. Ya pili, hakuna mtu anayeweza kusimama nyuma yako akasoma barua yako.

VITU VINAVYOHITAJIKA

1. Kisanduku cha kompyuta na chaja yake. Usiazime chaja ya kompyuta nyingine bila fundi kuhakikisha kwamba volti ni zilezile.
2. Kibodi ya waya, ikiwezekana yenye fungu la namba upande wa kulia.
3. Hedifoni. Visanduku vingi vidogo havina spika ndani. Bila hedifoni kompyuta huwa kimya, ukadhani haikuwaka.
4. Programu ya kusoma kwa sauti.

Kuhusu programu: Windows 10 na Windows 11 zina msomaji wake ndani, aitwaye Narrator. Ipo pia NVDA, ambayo ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na kijana asiyeona wa Australia, Michael Curran, kisha akaungana naye James Teh, ambaye pia haoni. NVDA inaweza kuwekwa kwenye flashi ukatembea nayo. Ndani yake kuna sauti ya Kiswahili na ya Kifaransa. Sauti hiyo ni kavu, ya mashine, lakini sikio huizoea.

HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1. Tafuta vidole vyako mahali pa kukaa. Papasa herufi za katikati. Utakuta vialama viwili vilivyoinuka: kimoja juu ya F, kingine juu ya J. Weka kidole cha shahada cha kushoto kwenye F na cha kulia kwenye J. Kwenye fungu la namba, alama iko juu ya 5.

Hatua ya 2. Chomeka kibodi na hedifoni kwanza, kisha washa. Subiri dakika mbili au tatu.

Hatua ya 3. Amsha sauti. Bonyeza pamoja vitufe vitatu: Ctrl, Windows na Enter. Ctrl iko pembe ya chini kushoto, na kwenye kibodi nyingi Windows ni ya pili yake. Enter ni kitufe kikubwa kulia kwa herufi. Narrator ataanza kusema, hata kabla hujaandika neno la siri. Ukibonyeza tena vitufe hivyohivyo, ananyamaza.

Hatua ya 4. Ukishaingia, na kama NVDA imewekwa kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl, Alt na N. Utasikia mlio mfupi unaopanda. Sasa mzime Narrator, maana wasomaji wawili wakisema pamoja hutaelewa lolote.

Hatua ya 5. Jifunze kibodi bila hofu. Shika Insert, kisha bonyeza 1 ya safu iliyo juu ya herufi. Kuanzia hapo kila kitufe utakachobonyeza kitatajwa jina lake bila kufanya kazi yoyote. Huwezi kuharibu kitu. Fanya hivyo nusu saa kila siku kwa wiki moja. Kutoka, rudia Insert na 1.

Hatua ya 6. Soma. Ukiwa ndani ya barua, Insert na mshale wa chini husoma mfululizo. Ctrl peke yake hunyamazisha. Insert na T hukuambia uko wapi. Insert na F12 hukuambia saa.

MAMBO YA KUANGALIA

• Siku ya kwanza azima kioo na umwombe mtu anayeona akusaidie. Kompyuta ikikwama kabla ya Windows kufunguka, hakuna sauti itakayokuambia sababu.
• Kisanduku hakina betri. Umeme ukikatika, kazi ambayo hukuihifadhi inaweza kupotea. Bonyeza Ctrl na S kila baada ya sentensi chache.
• Picha ya barua haisomeki kama maandishi. Omba kituo kikupe nakala iliyochapwa kwenye kompyuta, sio picha ya simu.
• Ukisoma habari zako, tumia hedifoni. Spika ya wazi hutangaza siri kwa blok nzima.
• Tunza masikio, maana sasa ndiyo macho yako. Sauti isizidi asilimia 60 ya kiwango cha juu, na pumzika mara kwa mara. Ukisikia mlio masikioni baada ya kuvua hedifoni, punguza sauti.

NENO KWA FAMILIA

Msimshikie mkono kila kitufe. Mwelezeni kwa maneno, kisha mwacheni atafute mwenyewe. Wala msikubali haraka kwamba macho yamekwisha. Mtoto wa jicho, kwa mfano, hutibika kwa upasuaji. Mpelekeni kwanza kituo cha afya apimwe, na msimtie dawa za majani machoni. Kama imethibitika kwamba hataona tena, kujifunza kunaweza kuanza wiki hiyohiyo.

JIPIME

1. Kompyuta isiyo na kioo na isiyo na hedifoni imekaa kimya. Je, ni mbovu?
2. Ni herufi zipi mbili zenye alama ya kupapasa?
3. Kwa nini mgonjwa asiyeona aombe maandishi badala ya picha?

Wasomeeni wengine maswali haya, mjibu pamoja. Aliye na kisanduku kilichowekwa pembeni kwa sababu kioo kimevunjika, asikitupe. Huenda jirani yake anakihitaji.