Somo la 9: Uzito wa Kweli

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya funzo la juma hili: Mwanzo 23:1–16, Walawi 25:14–17, Kumbukumbu la Torati 25:13–16, Yeremia 32:9, 10, Mithali 14:15, Marko 12:41–44.

Fungu la kukariri: Mithali 18:17.

Miaka kadhaa iliyopita, kanisa moja la kijijini nililokuwa nikilitembelea kwa kazi ya elimu lilikuwa likichangia mabati. Mzee wa kanisa alisimama akaahidi sadaka ambayo hatukuitegemea. Mwanawe, anayetunza wagonjwa huko Marekani, alikuwa amekuja likizo na kumwachia sanduku la sarafu alizonunua kidogo kidogo kupitia vipindi vya mauzo vya televisheni. Kila sarafu ilikuwa na hati yake. Tulijumlisha bei alizolipa kijana, zikapita dola 2,000. Mimi ndiye niliyekisoma kiasi hicho mbele ya kanisa, watu wakasema Amina, na fundi akaanza kupima kenchi.

Nikatumwa mjini kwa sonara. Aliziweka kwenye mizani, akachukua tano, akalisogeza sanduku upande wangu. "Kwa hizi nitakupa bei ya fedha," alisema. "Hizo nyingine, mwalimu, wape watoto wachezee." Alichonilipa hakikufika sehemu ya kumi ya kile nilichotangaza.

Sarafu hazikuwa bandia, na hati zilikuwa za kweli. Hilo ndilo lililonisumbua njia nzima ya kurudi, na ndilo swali letu la juma hili: je, mtu anaweza kumdhulumu jirani yake katika biashara bila kutamka neno moja la uongo?

JUMAPILI: Kilichokuwamo sandukuni

Zile tano huitwa American Silver Eagle. Serikali ya Marekani imezitengeneza tangu mwaka 1986. Kila moja ina aunsi moja ya fedha, yaani yale madini meupe, ambayo ni gramu 31.1, na usoni imeandikwa dola 1. Kwa kawaida thamani yake hufuata bei ya madini hayo sokoni, na nyongeza kidogo juu yake. Si adimu. Mwaka 2015 peke yake zilitolewa zaidi ya milioni 40.

Basi kijana aliuziwa nini juu ya madini? Aliuziwa namba. Wakusanyaji wa sarafu hupima hali ya sarafu kwa kipimo cha 1 hadi 70, kilichotokana na kazi ya Mmarekani William Sheldon mwaka 1949. Kampuni za ukaguzi huitazama sarafu, huifungia ndani ya kasha la plastiki na kuiandikia namba. Kwa sarafu ya zamani iliyopita mikononi mwa watu wengi, namba hiyo ina maana kubwa. Lakini sarafu mpya iliyotoka kiwandani ikaingia moja kwa moja kwenye kasha kupata 69 au 70 si jambo la ajabu, na tofauti ya namba hizo mbili huhitaji kioo cha kukuzia. Mtangazaji anaposema kwamba sarafu hii imepata sabini, anasema kweli. Asichosema ni kwamba nyingine kama hiyo ziko nyingi.

Zilizobaki sandukuni zilikuwa senti 25 za majimbo 50, zilizotolewa kati ya mwaka 1999 na 2008, aina moja kwa kila jimbo. Hizo ni pesa za kununulia mkate, za shaba na nikeli, na kila aina ilitengenezwa kwa mamia ya mamilioni. Mtu alizipaka utando mwembamba wa dhahabu, akazipanga juu ya ubao wa mahameli. Piga hesabu mwenyewe: senti 25 mara 50 ni dola 12 na nusu. Utando ule sonara hakuona hata haja ya kuupima. Na wakusanyaji wenyewe huihesabu sarafu iliyopakwa hivyo kuwa imeharibiwa.

JUMATATU: Langoni pa mji

Soma Mwanzo 23:1–16. Efroni alianzaje mazungumzo, na alimalizia wapi?

Siku za Ibrahimu sarafu hazikuwapo bado. Zilianza karne nyingi baadaye huko Lidia, katika nchi ya Uturuki ya leo. Shekeli ilikuwa uzito. Efroni anaanza kwa ukarimu, kana kwamba shamba ni la bure. Kisha, kama mtu anayetaja jambo dogo tu, anasema shekeli 400, na kuuliza kitu hicho ni nini kati yao wawili. Ili kupata picha ya bei, linganisha na Yeremia 32:9, 10, ambapo shamba linauzwa kwa shekeli 17. Hatujui ukubwa wa mashamba hayo mawili, lakini mfiwa mwenye maiti nyumbani, akisikilizwa na mji mzima, hayuko mahali pazuri pa kubishania bei.

Mazingira hayo yametengenezwa upya ndani ya televisheni. Mtangazaji humwita mtazamaji rafiki. Pembeni mwa kioo saa inahesabu kurudi nyuma, na idadi ya sarafu zilizobaki inapungua. Bei ya kwanza imekatwa kwa mstari. Ya pili inaweza kulipwa kwa awamu. Anayetazama ametoka zamu ya usiku, yuko peke yake chumbani, na simu iko mkononi.

Ibrahimu alilipa, lakini angalia fungu la 16. Alipima kwa uzito uliokubalika kwa wafanyabiashara wote, na alijua anachonunua ni kaburi la mkewe, hata kama bei ilikuwa juu.

Wewe hununua kwa haraka wakati gani zaidi: ukiwa na furaha, ukiwa na huzuni, au ukiwa mpweke?

JUMANNE: Hesabu ya mavuno

Soma Walawi 25:14–17. Kwa nini bei ya shamba ilipaswa kufuata miaka iliyobaki kabla ya yubile?

Shamba lilikuwa lile lile, udongo ule ule. Lakini mnunuzi alikuwa akinunua mavuno, na mavuno yalihesabika. Ikiwa yubile imebaki miaka 40, bei iwe kubwa; ikiwa imebaki 3, iwe ndogo. Tuseme muuzaji angeonyesha uzuri wa udongo, kisima na mpaka, akanyamaza kabisa kuhusu yubile. Kila neno lake lingekuwa kweli. Lakini Mungu anataka bei ifuate kile mnunuzi atakachobaki nacho mkononi, na mara mbili katika mafungu haya anawaonya watu wasidhulumiane. Mara ya pili anaambatanisha onyo hilo na hofu ya Mungu, kwa sababu kile ambacho muuzaji anakijua na mnunuzi hakijui hakuna shahidi mwingine wa kukisema.

Katika Kumbukumbu la Torati 25:13–16 kosa liko wazi zaidi: mawe mawili mfukoni, zito la kununulia na jepesi la kuuzia. Wakulima wetu waliowahi kujaziwa lumbesa hawahitaji maelezo.

Niseme na upande wa pili, nisije nikamwonea mfanyabiashara. Mwenye duka hulipa pango, mishahara na kodi. Asiyetaka kupata hasara ya senti moja anapouza tena kitu alichokinunua dukani, na asinunue. Faida si dhuluma. Lakini kitu kinapouzwa kama akiba ya watoto, na muuzaji anajua kwamba mtoto akikipeleka sokoni kesho atapewa sehemu ndogo tu ya bei, basi jiwe la pili liko mfukoni.

JUMATANO: Biashara juu ya majivu

Wakati mwingine uongo hutamkwa waziwazi. Baada ya majengo ya World Trade Center kuangushwa Septemba 11, 2001, televisheni za Marekani zilitangaza sarafu ya ukumbusho, wakidai imetengenezwa kwa fedha iliyofukuliwa chini ya kifusi na kwamba ni sarafu halali iliyotolewa kwa jina la Visiwa vya Mariana ya Kaskazini. Visiwa hivyo viko chini ya Marekani na havina mamlaka ya kutoa sarafu. Nayo sarafu ilipakwa fedha juu tu. Mwaka 2004 Eliot Spitzer, mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, alienda mahakamani na mauzo yakasimamishwa.

Soma Amosi 8:4–6. Wafanyabiashara wale walitunza Sabato huku wakiitazama jua litazame. Nabii anaweka makosa gani mengine pamoja na hilo?

ALHAMISI: Jirani anayekuja kuchunguza

Soma Mithali 14:15 na 18:17. Anayesema kwanza huonekana ana haki, hadi jirani yake aje amchunguze. Katika kipindi cha mauzo jirani huyo hayupo. Kumwita ni kazi ya mnunuzi, na si ngumu: aulize duka lingine, tena asiulize bei ya kununua, bali waliyo tayari kumlipa yeye kama angewapelekea kitu hicho leo.

Mzee alipompigia mwanawe, kijana alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Shikamoo tena, baba. Nisamehe. Nilitaka nanyi mpate paa." Alieleza kwamba usiku wa baridi, sauti ya yule mtangazaji ndiyo pekee aliyoisikia nyumbani mwake. Mzee akamjibu, "Marahaba, mwanangu. Kumbe huko huna wa kuongea naye?" Hawakuzungumza tena juu ya sarafu. Tangu siku hiyo humpigia kila Ijumaa jua likizama.

Soma Marko 12:41–44. Yesu aliketi akitazama sanduku la sadaka, na alijua thamani ya sarafu mbili za mjane kuliko waliozihesabu. Sabato iliyofuata nilisimama nikarekebisha kiasi nilichotangaza. Malipo ya zile tano yalinunua mabati yaliyo juu ya mimbari. Ule ubao wa mahameli mzee ameutundika sebuleni, na sijamsikia akimwambia mgeni yeyote kwamba ni dhahabu.

IJUMAA: Kwa kujifunza zaidi

Maswali ya kujadili:

1. Mwandishi wa somo hili alitangaza thamani ya sadaka kabla haijapimwa. Kanisa lenu hutangaza ahadi vipi, na nani hubeba aibu zinapopungua?

2. Mshiriki anauza bidhaa ambayo anajua haitadumu. Mnunuzi hajauliza. Je, Walawi 25 inamdai aseme? Jadilini kwa mfano halisi kutoka sokoni kwenu.

3. Ni nani katika familia za darasa hili yuko mbali na nyumbani? Kabla ya Sabato kuisha, nani atampigia?