Kungoa visiki karibu na nyumba

Wewe uliyekata muputu ao mutondo kwa kuchoma makala, kisiki kikibaki karibu na ukuta, usikiache. Kitachipuka tena; na mizizi iliyokufa italiwa na mchwa, kisha watapanda ukutani mpaka kwenye fito za paa.

Usikichome. Moto hutembea polepole ndani ya mizizi siku nyingi, na majani ya paa ni karibu.

Mwisho wa mvua, udongo ungali laini, chimba kukizunguka kwa jembe. Pangusa mizizi, maana mchanga hufanya shoka kuwa butu. Kata kwanza ile ya kando, halafu ule unaoshuka chini. Kazi ni nzito. Ita ndugu zako. Jaza shimo, shindilia sana, watoto wasianguke.

Lakini visiki vya shambani viache: shamba likipumzika, vitachipuka, na pori litarudi upesi.