Damu Baada ya Kukoma Hedhi
Ndugu Waislamu, kukoma hedhi si maradhi. Ni mwendo alioupanga Mwenyezi Mungu, na wanawake wengi huufikia baina ya miaka 45 na 55. Dada zetu wachumao chai huko Kericho na Bomet huweza kushikwa na hari ya ghafla katika baridi ya asubuhi, wakadhaniwa wana homa. Na usiku usingizi huwapaa. Waume na wawahurumie.

Lakini damu ikirejea baada ya miezi 12 ya kutoiona, mwanamke asidhani ujana umemrudia: yamkini ikawa dalili ya saratani ya mji wa mimba. Na aende hospitali upesi, kama ile ya Tenwek, Bomet. Haya haikuwazuia wanawake wa Kiansari kuuliza mambo ya dini yao. Basi isiwazuie wake zetu kuokoa maisha yao.