USALAMA NYUMBANI: Kichanja cha juu na kichwa cha mtoto



Nyumba za makambi hazikujengwa kwa jamaa ya watu kumi. Vyumba ni vidogo, na kila mwezi vitu vinaongezeka: magunia ya unga, masanduku ya nguo, bidoni za mafuta, mbao zilizobaki. Basi mtu anatazama juu, anaona nafasi kubwa kati ya kichwa chake na malata, anasema: tupige mbao pale, tuweke vitu. Wazo hili si baya. Lakini kichanja kilichojengwa ovyo ni mwamba uliolegea juu ya watu waliolala.

Wewe unayefanya kazi chini ya udongo unajua jambo hili. Kabla ya kazi mnatazama kwanza juu, mnagonga mwamba kwa chuma kirefu, mnaangusha mawe yaliyolegea. Kiisha unafika nyumbani, unavua kofia ngumu, unalala chini ya gunia linaloshikwa na misumari minne! Kitu kinachoanguka kutoka urefu wa metri 2 kinafika chini kabla ya sekunde moja kwisha, na mwendo wake ni zaidi ya kilometri 20 kwa saa. Nani atakikimbia?

Kosa ninaloliona mara nyingi ni la misumari. Watu wanatundika mbao chini ya miti ya paa kwa misumari iliyopigwa kwenda juu. Uzito wote unauvuta msumari nje, sawasawa na kuung'oa kwa koleo. Miezi ya kwanza unashika. Mvua inakuja, mbao inalowa. Kiangazi kinakuja, mbao inakauka na kunywea. Msumari unashika kutu na kulegea, na usiku mmoja unatoka. Kazi ya msumari ni kuzuia mbao isisogee. Uzito wenyewe ubebwe na kitu kilicho chini yake. Kwa hiyo pitisha boriti kutoka ukuta mpaka ukuta, ncha zake ziingie ndani ya matofali, au zikae juu ya nguzo zinazosimama chini. Miti ya paa iliwekwa kwa kubeba malata na kushindana na upepo. Usiiombe ibebe mahindi. Na kama nyumba ni ya kampuni, uliza ofisi ya nyumba kabla ya kutoboa ukuta.

Boriti isimame kwa ubavu, isilale. Mbao ya sentimetri 5 kwa 10 ikisimama inabeba mara mbili ya ile iliyolala, na kupinda kwake ni robo tu. Jaribu na rula ya mtoto wa shule, utaona. Pigilia ubao wa sentimetri 10 ukingoni, vitu visiviringike. Kila mwaka kabla ya mvua gonga ncha za boriti: zikilia kama kitu kitupu, mchwa wamekwisha kula.

Kichanja kisiwe juu ya kitanda, wala juu ya mbabula. Mahali pake ni kwenye depo au kona ambapo hakuna mtu anayelala wala kucheza. Weka juu vitu vyepesi: nguo, vikapu, masanduku matupu. Bidoni ya maji ya litri 20 ni kilo 20, mfuko wa simenti ni kilo 50. Hivyo vibaki chini, juu ya vipande vya mbao. Mtu anayepanda kiti na gunia shingoni anajitafutia kuvunjika mgongo.

Mama wengi wanaficha juu petroli, sumu ya panya na soda ya kutengenezea sabuni, ili watoto wasizifikie. Wana haki ya kuogopa, lakini chini ya malata kuna joto kali, na chupa ikivuja inadondokea unga. Afadhali sanduku lenye kufuli, nje ya nyumba. Na soda isitiwe kamwe katika chupa ya limonade.

Kama kitu kimemwangukia mtoto kichwani, usimtikise, usimsimamishe. Shika kichwa na shingo visigeuke. Damu ikitoka, weka kitambaa safi na kukandamiza polepole; lakini mfupa ukiwa umebonyea, funika tu. Mtoto anayelia sana ananitia hofu kidogo kuliko yule anayenyamaza. Akizimia hata dakika moja, akitapika, akisinzia si wakati wake, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, au damu au maji yakitoka sikioni ama puani, mpeleke hospitali saa ileile. Asipoonyesha dalili hizo, mwangalieni mchana na usiku mzima, mkimwamsha mara kwa mara kuona kama anawajua. Dalili ikitokea usiku wa manane, msingoje asubuhi, na njiani msimpe chakula wala kinywaji.